Hewa nayo iandikwe kwenye faili la mgonjwa wa pumu

Desemba 16, 2020, mchunguzi wa vifo Philip Barlow alisoma uamuzi wake katika mahakama ya Southwark, kusini mwa London. Kifo alichokuwa akikichunguza kilitokea karibu miaka minane nyuma, nacho kilikuwa cha mtoto wa kike wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah. Barlow alitaja sababu tatu: kushindwa kupumua, pumu kali na kuvuta hewa chafu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeshajulikana tangu uchunguzi wa mwaka 2014. Ya tatu ilikuwa haijawahi kuandikwa katika sababu za kifo cha mtu yeyote nchini Uingereza.

Ella aliishi Lewisham, katika nyumba iliyo mita zipatazo 30 kutoka South Circular, barabara yenye msongamano mkubwa wa magari. Mpaka anakaribia kutimiza miaka 7 alikuwa mtoto mwenye afya, mpenda michezo na muziki. Kisha kikaanza kikohozi kisichoisha. Katika kipindi kisichofika miaka mitatu alilazwa hospitalini zaidi ya mara 25, akitibiwa, akiruhusiwa, akirudi. Februari 15, 2013, alifariki dunia. Katika muda wote huo mama yake, Rosamund, mwalimu wa shule, hakuelezwa kwamba hewa ya barabarani kwao ingeweza kuwa inamwumiza mwanawe.

Aliyefungua ukurasa mpya ni Profesa Stephen Holgate wa Chuo Kikuu cha Southampton, mtaalamu wa magonjwa ya mfumo wa hewa. Alichukua kumbukumbu za Ella kulazwa, akaziweka kando ya vipimo vya kituo cha kupima hewa kilichoko Catford, maili moja hivi kutoka nyumbani kwao. Akaona kwamba vipindi vya mtoto kuzidiwa vilielekea kufuatana na vipindi vya hewa kuchafuka. Ripoti yake ya mwaka 2018 ndiyo iliyoiwezesha familia kurudi mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikafuta matokeo ya uchunguzi wa kwanza.

Nimeanza na habari hii ya mbali kwa sababu inagusa pengo tulilonalo hapa kwetu. Mgonjwa wa pumu akifika zahanati ataulizwa kuhusu baridi, vyakula na kama kuna mtu katika ukoo mwenye ugonjwa huo. Ni nadra kuulizwa analala umbali gani kutoka barabara kuu, nyumbani wanapikia nini na jirani anachomea wapi taka. Anaandikiwa dawa na kurudishwa kwenye hewa ileile. Sayansi ya miaka 30 iliyopita inatosha kutuonyesha kwamba maswali hayo ni sehemu ya matibabu.

KIFUA CHENYE PUMU

Wengi huichukulia pumu kuwa ugonjwa wa kubanwa: leo kifua kimebana, kesho kimeachia, basi mtu amepona. Lakini kubanwa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa muda mrefu katika kuta za mirija ya hewa. Hata siku ambayo mgonjwa anatembea na kucheka kama wengine, ndani ya mirija yake kuta zimevimba, zimejaa chembe nyeupe za damu na ute mzito. Misuli inayoizunguka mirija imekuwa nyepesi kushtuka. Harufu ya rangi, hewa ya baridi au moshi kidogo tu, inajikaza.

Kwa wagonjwa wengi, hasa watoto, uvimbe huo unatokana na mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema. Mwili huchukua kitu kisicho na madhara, mfano kinyesi cha utitiri wa vumbi, mabaki ya mende, magamba ya ngozi ya paka au chavua ya majani, ukakihesabu kuwa adui. Unatengeneza kingamwili ziitwazo IgE, ambazo hukaa juu ya seli za ulinzi zilizotapakaa katika kuta za njia ya hewa, zikiwa zimebeba akiba ya histamini. Kitu kile kikirudi, akiba inamwagwa na mirija inabana ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye linakuja wimbi la pili: chembe nyeupe za damu, hasa zile ziitwazo eosinofili, zinamiminika kwenye kuta, nazo zinavimba zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyekung'uta godoro jioni anaweza kulala vizuri, kisha akaamka saa nane usiku akihema kwa shida.

Wakazi wa mwambao wanapaswa kumjua vizuri utitiri wa vumbi. Ni mdudu asiyeonekana kwa macho, anayekula vipande vya ngozi vinavyotupukutika, na hustawi penye joto na unyevu. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zina vyote viwili kwa sehemu kubwa ya mwaka. Makazi yake makuu ni godoro, mto na zulia. Kwa hiyo mtoto wa Pwani mwenye mzio anaishi na adui wake kitandani kabla hata moshi haujatajwa.

MOSHI UNAPOKUTANA NA MZIO

Moshi wa gari, wa jiko na wa taka hubeba chembe ndogo ambazo wataalamu huziita PM2.5. Upana wake haufiki mikromita 2.5, yaani unywele mmoja wa kichwani unazizidi unene kama mara 30. Kwa udogo huo zinapita puani na kooni bila kunaswa, zikatua ndani kabisa ya mapafu. Masizi ya dizeli yana ubaya wa ziada, kwa kuwa kila chembe imebeba kemikali zilizobaki katika mafuta yasiyoungua sawasawa. Pamoja nazo huja gesi ya naitrojeni dioksaidi kutoka kwenye injini, na ozoni, ambayo huzaliwa hewani pale moshi wa magari unapopigwa na jua kali.

Vitu hivi vinapofika kwenye mirija hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, vinajeruhi utando wa ndani. Seli za utando huo kwa kawaida zimeshikana barabara, na juu yake kuna ute na vinyweleo vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni. Moshi hulegeza mshikano huo na kuchosha vinyweleo, hivyo vumbi la utitiri ambalo lingetolewa kwa kikohozi linapata upenyo wa kuingia. Pili, seli zilizojeruhiwa hupiga king'ora cha kikemikali kinachouamsha mfumo wa kinga na kuuelekeza upande uleule wa mzio. Adui wa zamani anaingia kwa urahisi zaidi na kukuta askari wamekwisha kupandwa na jazba.

Ushahidi uliowashtua wengi ulitoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika miaka ya 1990. David Diaz-Sanchez, Andrew Saxon na wenzao waliwachukua watu wenye mzio wa chavua ya gugu liitwalo ragweed, wakawapulizia puani chavua peke yake, na wakati mwingine chavua pamoja na chembe za moshi wa dizeli. Chembe za dizeli zilipoongezwa, kingamwili za IgE dhidi ya chavua hiyo ziliongezeka maradufu kadhaa kuliko chavua ilipokuwa peke yake.

Kisha wakauliza swali gumu zaidi: je, moshi unaweza kuanzisha mzio ambao haukuwapo kabisa? Walitafuta protini ambayo washiriki wao hawajawahi kukutana nayo, wakaipata kwa konokono wa baharini wa pwani ya California. Watu 10 walipuliziwa protini hiyo peke yake. Hakuna hata mmoja aliyetengeneza IgE dhidi yake. Wengine 15 walitanguliziwa chembe za dizeli, na 9 kati yao wakatengeneza IgE. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Miili iliyokuwa haina ugomvi wowote na konokono yule ilifundishwa na moshi kumchukia.

Nayaona majaribio hayo kuwa kiini cha jambo hili lote. Tumezoea kuuhesabu moshi kuwa kero ya mwenye pumu, kitu cha kumkera kwa muda kikapita. Los Angeles walionyesha kwamba dizeli inaweza kuukoleza mzio uliopo na kusaidia kuujenga usiokuwapo. Urithi una nafasi yake, na wapo wengi wanaoishi kando ya barabara kuu bila kupata pumu. Lakini kwa mtoto ambaye mwili wake tayari umeelekea huko, hewa chafu inamsukuma.

KUTEMBEA OXFORD STREET

Maabara ni maabara, atasema msomaji. Vipi barabarani? Watafiti wa London walilijibu hilo kwa njia rahisi. Waliwaomba watu wazima 60 wenye pumu ya kawaida, isiyo kali, watembee saa mbili Oxford Street, mtaa wa maduka ambao wakati huo karibu magari yote yaliyoupita yalikuwa mabasi na teksi za dizeli. Siku nyingine walewale walitembea saa mbili katika bustani ya Hyde Park, jirani na hapo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baada ya kutembea Oxford Street, kiasi cha hewa walichoweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde moja kilishuka kwa hadi asilimia 6.1, na kushuka huko kulizidi kule kwa Hyde Park. Makohozi yao yalionyesha dalili za uvimbe kuongezeka. Wengi hawakujisikia vibaya sana. Uvimbe ulikuwa ukipanda wakati wao wanajiona wazima, na hapo ndipo penye hatari. Mtu anayepita njia hiyo kila siku kwenda kazini huongeza kidogo kidogo, mpaka siku ya mafua au ya vumbi jingi, kifua kinakataa.

HAPA KWETU

Fika kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magari yamepangana yakiunguruma bila kuzimwa, makonda wanaita, na kila dereva anapokanyaga mafuta wingu jeusi linatoka ekzosi. Ekzosi ya daladala iko chini, kwenye usawa wa goti la mtu mzima. Mtoto wa chekechea mwenye begi mgongoni, aliyeshikwa mkono na mama yake, ana uso wake karibu na wingu hilo kuliko abiria mwingine yeyote kituoni. Anapumua haraka kuliko mkubwa, mapafu yake bado yanakua, na kesho asubuhi atasimama palepale.

Nairobi wameanza kulipima jambo hili kwa watoto wenyewe. Utafiti uitwao Tupumue, ulioendeshwa na watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa Uingereza, ulihusisha watoto wa shule zaidi ya 2,300 kutoka maeneo mawili ya mashariki mwa jiji: Mukuru, penye makazi duni na viwanda, na Buruburu, mtaa wa watu wenye nafuu. Watoto wa Mukuru waliripotiwa zaidi kutoa mluzi kifuani na kupata shida ya kupumua. Ndio pia walioishi zaidi karibu na barabara kuu, karibu na taka zinazochomwa, na katika nyumba zinazowasha dawa ya mbu ya moshi.

Orodha hiyo inatukumbusha kwamba moshi wetu mwingi hautoki kwenye magari. Unatoka majumbani mwetu, kuanzia jikoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 kwa magonjwa mbalimbali. Jiko la mkaa linalowashwa kibarazani na kuingizwa ndani likishakolea, kuni mbichi katika jiko la mafiga matatu, taka za plastiki zinazochomwa nyuma ya nyumba kila Jumamosi: moshi wa haya yote unafika kwenye mapafu ya mtu kabla hajakutana na daladala.

Lipo na jambo ambalo watu wa Pwani tunalisema kwa uzito, kwa kuwa linagusa mapenzi na heshima ya nyumba: udi na ubani. Watafiti wa Oman, ambao wana mila hiyo kama sisi, waliwachunguza watoto wa mikoa miwili ya nchi yao na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Hawakuona kwamba kufukiza kunawapatia watoto pumu. Lakini kwa watoto ambao tayari wana pumu, moshi wa bukhuri ulikuwa miongoni mwa vichochezi vya kifua kutoa mluzi. Hakuna anayemwambia bibi aache kufukiza nyumba yake. Afukize mjukuu akiwa shuleni, madirisha yakiwa wazi, na chetezo kisiingie chumba anacholala mtoto mwenye pumu.

DAWA NA HOFU YAKE

Wagonjwa wengi wa pumu kwetu wanaijua dawa moja tu, pampu ya rangi ya bluu yenye salbutamol. Hiyo hulegeza misuli na kufungua mirija kwa saa chache. Haitibu uvimbe. Kazi ya kutuliza uvimbe ni ya pampu ya pili, yenye dawa ya jamii ya steroidi, inayotumiwa kila siku hata kifua kikiwa shwari. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, GINA, umeacha kupendekeza dawa ya kufungua peke yake kwa watu wazima na vijana. Mtu anayevuta pampu ya bluu kila siku huku akiishi kwenye moshi anajipa nafuu ya muda wakati kuta za mirija zinaendelea kuvimba.

Hofu ni nyingi. Wapo wanaoamini kwamba ukianza pampu huachi, au kwamba inaua moyo. Wapo wazazi wanaomficha binti mwenye pumu wakihofia atakosa mchumba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa pumu maneno hayo si mafumbo: mwaka 2019, kwa makadirio ya WHO, ugonjwa huu uliwapata watu milioni 262 duniani na kuua 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati ambako matibabu sahihi ni haba.

Kwa watoto kuna tatizo jingine. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, hivyo dawa nyingi huishia mdomoni. Anahitaji chombo cha kuishikilia dawa kabla hajaivuta, na kile cha dukani wengi hawakimudu. Profesa Heather Zar wa Chuo Kikuu cha Cape Town alionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo vizuri sawa na chombo cha kununua. Chupa inasafishwa na kukaushwa, kitako chake kinatobolewa kwa waya wa moto tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu, pampu inachomekwa, na pembezoni panazibwa kwa gundi hewa isivuje. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, mzazi anabonyeza mara moja, mtoto anavuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa. Kuziba kuna maana: chupa zisizozibwa hazikufanya vizuri kama zilizozibwa. Muuguzi yeyote wa zahanati anaweza kumwelekeza mzazi, na hakuna sababu ya somo hili kukosekana katika kliniki yoyote ya watoto.

HEWA INAPOSAFISHWA

Kuna watakaosema kwamba kusafisha hewa ya jiji ni ndoto ya nchi tajiri. California kusini ilikuwa na hewa chafu iliyosifika kwa ubaya duniani kote. Tangu mwaka 1993 watafiti huko wamewafuatilia maelfu ya watoto, kundi baada ya kundi, wakati sheria za magari na mafuta zikikazwa. Hewa ilivyozidi kuwa safi, mapafu ya watoto yalikua vizuri zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yakaonyesha kwamba pale naitrojeni dioksaidi na chembe za PM2.5 zilipopungua, watoto waliopata pumu mpya nao walipungua. Miji haikuhama, na magari hayakutoweka. Kilichobadilika ni kinachotoka kwenye ekzosi.

Nasi tumeshaanza, ingawa kwa hatua fupi. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere unatengeneza vipima hewa vya bei nafuu na umewahi kuvifunga hata kwenye bodaboda. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mkakati huo huelezwa zaidi kwa kutaja misitu, nayo inastahili. Ningependa kuona waziri wa afya akiusemea kwa sauti ileile ya waziri wa mazingira, kwa sababu mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni mwake ndiyo ya kwanza kunufaika.

Kuna kipimo cha kujilinganisha nacho. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kwa hesabu za shirika hilo, asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa inayovuka viwango vyake. Mji usio na vipimo hauwezi kujua umevuka mara ngapi, wala mzazi hawezi kujua siku ipi amzuie mtoto mwenye pumu kukimbia uwanjani.

Ripoti ambayo Barlow aliiandika mwaka 2021 ili kuzuia vifo vingine ilitaja mapungufu matatu: viwango vya kisheria vilivyo legevu kuliko vya WHO, wananchi kutojua ubora wa hewa ya mtaani kwao, na madaktari kutowaeleza wagonjwa madhara ya hewa chafu. Mawili ya kwanza yatahitaji bunge na bajeti. La tatu linaweza kuanza Jumatatu asubuhi katika zahanati yoyote, kwa mistari mitatu kwenye faili: unaishi umbali gani kutoka barabara kuu, nyumbani mnapikia nini, na moshi gani mwingine unakufikia. Majibu yakikusanywa, daktari atajua amshauri mgonjwa wake nini: chandarua badala ya dawa ya mbu ya moshi, jiko libaki nje mpaka chakula kiive, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na njia ya kwenda shule ipitie mtaa wa ndani badala ya barabara kuu. Nayo halmashauri itakayoyasoma majibu hayo mtaa kwa mtaa itakuwa na ramani ya mahali pa kuanzia, kwa majina ya barabara na ya madampo yake yenyewe.